Simu Iko Mteja

Jumanne moja mwezi wa Machi, kama saa kumi na mbili jioni, mama yangu aliteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia. Anaishi peke yake nje kidogo ya mji wa Kakamega. Mimi naishi Umoja, Nairobi. Alinipigia kwa mkono wa kushoto, mara saba. Mara zote saba alijibiwa na yule dada asiyechoka, yule ambaye kazi yake ni kukwambia mteja hapatikani kwa sasa.

Simu yangu haikuwa imezimwa. Nilikuwa nayo mkononi ndani ya matatu, inaonyesha chaji asilimia 41 na mtandao umejaa. Kumbe ilikuwa imeganda, kama kawaida yake. Sikujua mpaka saa tatu usiku nilipoizima na kuiwasha tena, jumbe zikaingia kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa ya kaka yangu: "Uko wapi? Mathe ameanguka." Wakati huo jirani alikuwa amempeleka hospitali kwa boda na mkono umeshafungwa plasta.

Nilipompata hatimaye, Mama hakulalamika. Alisema tu, "Nilifikiri umechoka na simu zangu."

Simu hiyo nilikuwa nimeivumilia miezi minane. Niliinunua ikiwa ex-UK, yaani imetumika ng'ambo ikasafishwa ikaletwa kuuzwa tena huku, na kwa wiki tatu za kwanza ilikuwa raha tupu. Halafu ikaanza kuzima ikifika asilimia 40. Halafu skrini ikaanza kujibonyeza yenyewe, inawapigia watu ambao mimi mwenyewe siwapigii. Fundi wangu wa Luthuli Avenue alibadilisha betri mara mbili na mfumo wa chaji mara moja. Asubuhi baada ya ajali ya Mama nilimpelekea tena. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia bila kuifungua. "Siste, shida iko kwa bodi. Wacha nikwambie ukweli, unanilipa kuuguza maiti."

Kwa hivyo nilihitaji simu mpya. Na kwa sababu nilikuwa nimeamua kupanga maisha yangu, nikasema nitapanga pia hii mambo ya bando, maana kila mwezi nilikuwa nanunua kredo kama mtu anayejaza maji kwenye ndoo yenye tundu. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi moja. Ikawa wiki tatu za kusoma, kuuliza wazee na kupiga hesabu, kwa sababu kila swali nililouliza dukani lilikuwa na historia nyuma yake.

Tuanze na neno lenyewe. Mteja ni mtu anayenunua kitu. Lakini Nairobi ukisema "nimempigia, ako mteja," kila mtu anaelewa kwamba simu haiingii. Tulilichukua neno kwenye ile sauti iliyorekodiwa tukalifanya letu. Nikawaza, ni lini hasa sisi tulikuwa wateja? Maana kwa miaka mingi, mbele ya simu, Mkenya alikuwa mtu wa foleni tu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nayo, na Kenya ikabaki na lake, KPTC. Shirika hilo moja lilisimamia barua, simu na kila waya uliopita juu ya kichwa chako. Ukitaka laini ya nyumbani ulijaza fomu ukangoja, na kungoja kwenyewe kungeweza kuchukua miaka. Kufikia mwaka wa 1999 nchi nzima ilikuwa na laini za waya takriban 300,000, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu milioni 28.7. Gawanya mwenyewe: laini moja kwa karibu watu 95.

Wengine walitegemea vibanda. Mama anakikumbuka kile cha nje ya posta ya Kakamega vizuri kuliko anavyoikumbuka harusi yake. Baba alikuwa akifanya kazi Industrial Area, na simu ya pale ilikuwa moja, mezani kwa karani. Mama alipanga foleni na sarafu zake mkononi, akazitumbukiza, akamwambia karani, "Mwambie mtoto ana homa." Basi. Jibu lingekuja baada ya siku mbili tatu, kupitia dereva wa basi, likiwa na pesa ndani ya bahasha. Hakukuwa na kuchagua mpango wa huduma. Mpango ulikuwa sarafu: zikiisha, umeisha.

Simu za mkononi zilikuwepo, lakini hazikuwa zetu. KPTC ilianzisha mtandao wake wa kwanza mwaka wa 1993, wa teknolojia ya zamani ya analogi, na simu moja ilifika takriban shilingi 250,000. Miaka sita baadaye waliojiunga hawakufika 20,000. Simu hiyo ilipita kwenye gari la mtu mkubwa ukaitazama kama unavyotazama ndege ikipita.

Mambo yaligeuka haraka. Sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 1998 iliigawa KPTC. Mwaka uliofuata zikazaliwa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia sekta, CCK. Mwaka wa 2000 mitandao miwili ya kisasa ikaingia sokoni. Safaricom, iliyotoka ndani ya Telkom, sasa ilikuwa na Vodafone ya Uingereza kama mwenye asilimia 40 ya hisa. Kencell ilikuwa ya Vivendi ya Ufaransa pamoja na kampuni ya mfanyabiashara Naushad Merali. Ukiwa na namba ya 0722 ulikuwa wa huku, ukiwa na ya 0733 ulikuwa wa kule, na mpaka leo kuna wazee wanaotaja namba zao polepole ili usikie kwamba wao walitangulia.

Hapo ndipo Mkenya wa kawaida alipoanza kuchagua, na alichochagua kilikuwa namna ya kuhesabu muda. Kencell ilitoza kwa dakika. Ukiongea sekunde 15, umelipia dakika nzima. Safaricom, chini ya Michael Joseph, ikaja na malipo ya sekunde: ongea sekunde 15, lipa sekunde 15. Kwa mtu wa ofisini tofauti haikuwa kubwa. Kwa mtu wa mjengo, wa kioski, wa kubeba mizigo Gikomba, ilikuwa tofauti ya kuwa na simu na kutokuwa nayo. Uliweza kuweka pesa kidogo ukajua itafanya kazi gani.

Tukajifunza kuongea kwa telegramu. "Niko stage. Fungua geti." Kata. Salamu, ambazo kwetu ni nusu ya mazungumzo, zikaachwa mpaka tuonane. Mama anasema miaka ile ilimfundisha baba kuwa na adabu mbaya.

Na wasiokuwa hata na ya sekunde kumi wakagundua kuflashi. Unapiga, inalia mara moja, unakata. Bure kabisa. Kila nyumba ilikuwa na kamusi yake. Kwetu flashi moja ilikuwa "nimefika salama," mbili ilikuwa "nipigie," na tatu mfululizo ilikuwa "acha mchezo, nipigie sasa hivi." Kampuni zilikuwa zinabeba simu zisizolipiwa, na baadaye zikaona heri kutupa njia rasmi ya kuomba, ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie." Michael Joseph aliwahi kusema hadharani kwamba Wakenya wana tabia za kipekee za kupiga simu, na watu wakakasirika. Mimi nikisoma habari hiyo leo naona alikuwa amegusa jambo bila kulimaliza. Haikuwa tabia. Ilikuwa hesabu. Mtu mwenye shilingi kumi alikuwa ameusoma mpango wa huduma mpaka mwisho, akapata mlango uliosahaulika wazi.

Simu zenyewe zikashuka bei. Nokia 1100, iliyotoka mwaka wa 2003, ilikuja na tochi, isiogope vumbi, betri ikikaa siku kadhaa. Simu za aina hiyo tukaziita mulika mwizi. Kaka yangu alikuwa nayo. Ilianguka ndani ya chai, ikaoshwa, ikaanikwa, ikaendelea. Mwaka wa 2009 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye simu, na watu wengi wakanunua yao ya kwanza kipindi hicho, kabla ushuru huo haujarudishwa mwaka wa 2013.

Lakini bei ya chini ilikuja pia na simu feki. Ziliitwa majina yanayokaribia ya asili, herufi moja imebadilishwa, na zililia kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mwishoni mwa Septemba 2012 CCK ilitimiza tishio lake: simu zenye IMEI bandia zikakatwa kwenye mitandao. Kila simu halali ina namba yake ya IMEI, ambayo unaiona ukibonyeza *#06#, na wiki zile nchi nzima ilikuwa inaituma kwa 1555 kujua kama simu yake itaamka kesho. Zaidi ya milioni moja na nusu hazikuamka. Binamu yangu alikuwa mmoja wa waliolala na simu wakaamka na saa ya mezani. Wenye simu hizo hawakuwa wahalifu. Walilipa, dukani, mchana. Lakini hasara ikawa yao, na muuzaji tayari alikuwa amehama kibanda.

Nikiwa nasoma hayo niliitazama ex-UK yangu kwa jicho lingine. Mimi pia nililipa mchana.

Sasa tufike mahali ambapo simu na laini ziliachana. Mpaka hapo ukibadilisha simu umebadilisha kila kitu, na laini ni kakipande ka plastiki tu. Kilichoigeuza laini kuwa nzito kuliko simu ni M-Pesa.

Watu walikuwa wameshaanza kutumia kredo kama pesa: unamtumia mtu wa nyumbani, yeye anaiuza kwa jirani, anapata noti. M-Pesa yenyewe ilijaribiwa kwanza kwa wateja wa shirika la mikopo midogo, Faulu Kenya, ili walipe mikopo kwa simu. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa kwa shughuli zao zingine. Ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, ilikuja kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Bahasha ya dereva wa basi ikafa kifo cha kimya kimya.

Miaka michache baadaye, vita vikaanza. Katikati ya 2010 CCK ilishusha ada ambayo mtandao mmoja huulipa mwingine kwa kupokea simu yake, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Agosti, ile kampuni iliyokuwa Kencell, kisha Celtel, na wakati huo Zain, ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Wengine wakalazimika kufuata. Nakumbuka shuleni tuliambiwa kuhusu soko huria, na mfano wa mwalimu ulikuwa huo. Kabla mwaka haujaisha Zain ikawa Airtel. Kisha tarehe 1 Aprili 2011 ukaja uhuru ambao ulipaswa kumaliza kila kitu: unaweza kuhama mtandao na namba yako.

Kwenye karatasi, mteja hatimaye alikuwa mfalme. Ukikosewa, hama. Lakini waliohama walikuwa wachache mno. Namba ilihama, pochi ya M-Pesa haikuhama. Kodi ya nyumba, chama, ada ya shule, dukani kwa Mama Boi, kila kitu kilikuwa kimefungwa kwenye laini. Kutuma pesa moja kwa moja kutoka pochi ya mtandao mmoja hadi ya mwingine kulikuja mwaka wa 2018, miaka saba baadaye, na kufikia hapo watu walikuwa wameshazoea walipo.

Tulichofanya badala yake hakikuandikwa kwenye sheria yoyote. Hatukuhama, tuliongeza. Simu za laini mbili, ambazo Tecno na wenzake waliziuza kwa bei nafuu, zilimpa Mkenya jibu lake: laini moja ya pesa na kujulikana, nyingine ya bei rahisi. Mtandao kama Yu ukaja mwaka wa 2008 na ofa zake, ukaondoka katikati ya muongo uliofuata, na sisi tukachomoa kadi moja tukaingiza nyingine. Ndiyo sababu hata leo ukimwomba mtu namba anakuuliza, "Ya WhatsApp ama ya M-Pesa?"

Baada ya hapo ikaja zamu ya intaneti. Mwaka wa 2011 Huawei IDEOS, simu ya Android ya karibu shilingi 8,000, iliwaingiza wengi mtandaoni, na kuuziwa muda kukawa kuuziwa megabaiti. Bando ya siku, ya saa moja, ya usiku. Ikifika wakati wake inakufa, iwe umeitumia au la. Kwa miaka tulilikubali jambo hili kama mvua. Mwaka wa 2019 wakili mmoja akapeleka malalamiko yake mbele ya jopo la rufaa za mawasiliano, na Oktoba hiyo hiyo Safaricom ikaanza kuuza bando zisizo na mwisho wa muda. Hatimaye simu yenyewe ikageuzwa kuwa bando: Julai 2020 ukazinduliwa mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, mbao moja kwa siku kwa miezi tisa. Usipolipa, simu inafungwa. Kwa wengi ndiyo njia pekee ya kushika simu nzuri, na sitawacheka. Lakini ukiiangalia pamoja na historia yote, unaona kitu kimoja. Maskini wa Kenya hajawahi kuuziwa mawasiliano kwa mwezi. Anauziwa kwa siku, kwa saa, kwa sekunde, na kila anayepunja kipimo anafanya kiwe rahisi kununua na kigumu kuhesabu.

Nilikuwa na haya kichwani nilipoingia dukani, na yalinisaidia kuliko tangazo lolote.

Kijana wa duka alinionyesha simu mpya ya shilingi 16,500. "Huna haja ya kutoa zote, madam. Deposit elfu mbili, halafu 65 tu kwa siku. Mwaka mmoja imeisha." Sitini na tano inasikika kama chai na mandazi. Nikatoa ile ex-UK, kwa bahati ilikuwa imeamka, nikapiga hesabu mbele yake. Sitini na tano mara 365 ni 23,725. Ongeza 2,000 inakuwa 25,725. Yaani ningelipa 9,225 zaidi kwa simu ile ile. Alicheka, si kwa ubaya. "Wengi hawapigi hiyo."

Nilinunua ya shilingi 13,000, pesa taslimu kutoka akiba yangu ya chama. Haina kamera ya kujivunia. Ina laini mbili, betri kubwa, risiti na warranty ya mwaka. Niliikagua IMEI kabla sijatoka, nikailinganisha na ya kwenye boksi. Kijana akaniangalia kama askari wa trafiki.

Bando ndiyo ilichukua muda. Kwa wiki mbili niliandika kila nilichonunua. Bando ya mbao kila siku, ambayo sikuwahi kuiona kama pesa, ni shilingi 600 kwa mwezi. Juu yake kulikuwa na Okoa Jahazi, mkopo wa kredo ambao unalipwa na ada, na nilikuwa nauchukua usiku, karibu kila mara kumpigia Mama. Yaani simu nilizozithamini zaidi ndizo nilizozinunua ghali zaidi.

Kisha nikamuuliza swali ambalo hakuna tangazo linalijibu: "Mama, pale nyumbani mtandao gani unashika?" Akasema mmoja unashika mpaka jikoni. Mwingine lazima upande kwenye kichuguu karibu na choo. Hapo nusu ya uamuzi ikawa imefanyika.

Laini yangu ya zamani imebaki kama ilivyo, kwa pesa na kwa kupiga nyumbani, na ina dakika zisizo na mwisho wa muda ili nisikope usiku. Laini ya pili ni ya intaneti, bando moja ya mwezi. Ikiisha kabla ya mwezi, ninasoma kitabu. Sijapata dili la karne. Nimejua tu ninanunua nini.

Nilipoenda kumwona Mama, nilimpelekea katululu mpya, ya batani kubwa. Yake ya zamani ilikuwa nzima, lakini maandishi hayaoni. Tuliweka namba tatu za haraka: mimi, kaka, na yule jirani wa boda. Nikamwambia aipige yangu tujaribu. Ikalia. Akaiacha ilie kwa muda, akiitazama simu yangu mpya mezani, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Kata, Mama. Nimeona."

"Wacha ilie kidogo," akasema.

Nilirudi Nairobi Jumapili. Saa tatu usiku, nikiwa naosha vyombo, simu ililia mara moja ikakatika. Nilifikiri imeanza tena ujinga. Kisha nikakumbuka kamusi yetu. Flashi moja. Ana dakika za kutosha, nilimwekea mwenyewe, na bado anaflashi.

Nilifuta mikono, nikampigia. Tuliongea dakika arobaini, salamu zikiwemo.